Glaida ya mita 2 inapaa asubuhi, saa saba inashuka tu: tatizo ni ndege au ni Mwanza?

MtotoWaLuchelele

Wakuu habari za mchana. Wale wa ndege za rimoti naombeni msaada, maana huku mtaani ukiuliza unaambiwa ukanunue drone.

Nina glaida ya povu, mita 2 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, mota puani yenye propela ya kujikunja. Chaneli tatu tu: mota, eleveta (kibao cha mkiani cha kuinua na kushusha pua) na rada ya mkia, yaani usukani wa kugeuza kushoto na kulia. Eleroni, vile vibao vya kukatia kona kwenye mabawa, haina; kona inakata kwa rada na ule mkunjo wa mabawa kwenda juu. Nimeipata mkononi kwa jamaa aliyekuwa anahama mji.

Narushia Luchelele hapa Mwanza, kipande kilichonyooka karibu na maji ya Ziwa Victoria, hakuna nyaya za umeme wala watu wengi. Kuanzia saa tatu hivi mpaka saa nne na kidogo asubuhi mambo ni mazuri. Napanda na mota hadi kama mita 100, nazima, inaelea, na kuna wakati naiona kabisa inapanda bila mota. Sasa kichekesho: ikifika saa sita, saa saba, jua la kuchoma utosi, wakati kila video inasema ndio muda wa themali, ile hewa ya moto inayopanda, ndege yangu inashuka tu. Upepo unatoka ziwani umetulia vizuri, mawingu ya pamba nayaona yamejipanga kule bara upande wa Usagara, juu yangu anga tupu. Nawasha mota, napanda, nazima, dakika mbili iko chini.

Nilichofanya mpaka sasa: nimetoa betri ya 1300 mAh nikaweka ya 2200 mAh ili niwe na mota ya kutosha. Ilibidi nichonge povu ndani ya pua ndipo ikae. Tangu hapo nimeweka trimu ya eleveta, ile swichi ya rimoti ya kuiegemeza moja kwa moja, juu kidogo, la sivyo inalenga chini. Ikipigwa na upepo inanyanyua pua, inasita, inachovya, inanyanyua tena. Mizani ya dukani imesoma gramu 960 pamoja na betri.

Nataka kuipunguza uzito. Nimefikiria kukwangua povu ndani ya bodi, kutoa fimbo ya ndani ya bawa niweke nyembamba, na kuna mtu kaniambia nichonge eleroni kwenye mabawa. Nianzie wapi? Naomba kuwasilisha.

SangaraMkavu

Uza hiyo kitu mkuu. Chukua drone upige picha za harusi, utapata hata hela ya sato.

MtotoWaLuchelele

Drone ukizima mota unaokota vipande. Mimi nataka kinachobaki juu mota ikiwa imezimwa.

FundiMakoroboi

Kijana, weka kisu chini. Usikwangue kitu bado.

Umeeleza mambo mawili yaliyoshikana, na moja halipo kwenye ndege hata kidogo. Huo upepo unaousifu kuwa umetulia ndio unaokumaliza. Maji hayapati moto haraka, ardhi inapata. Ikifika saa nne, saa tano, hewa ya nchi kavu imeshapashwa na inapanda, ya ziwani inaingia kujaza nafasi. Hiyo inayoingia imepita juu ya maji, ni ya baridi na nzito, haina hamu ya kupanda. Lazima itembee kilomita kadhaa juu ya udongo wa moto ndipo ianze tena kutoa themali. Wewe umesimama hatua chache kutoka majini, unaipata ikiwa mbichi. Ndiyo maana juu yako hakuna wingu na Usagara kumejaa. Yale mawingu ya pamba ni vifuniko vya themali. Siku ambayo kwingine yapo na kwako hayapo, usijisumbue kufungua begi.

Wavuvi wa tanga hawahitaji kuambiwa haya. Alfajiri upepo wa nchi kavu unawatoa, mchana wa ziwa unawarudisha. Ukitaka kujua saa ya kufunga vifaa hapo Luchelele, tazama matanga yanapoanza kuja upande wako. Asubuhi unafanikiwa kwa sababu jua limeshapasha ardhi na upepo huo bado haujaingia. Hapo katikati una saa moja, ukibahatika mbili.

Kwa hiyo nenda bara. Lakini tazama ramani kwanza, maana watu wanadhani ukishaipita Nyegezi umeliacha ziwa. Ghuba ya Mwanza inakufuata upande wa magharibi mpaka Kigongo, kule darajani na kuzidi, na kaskazini kuna Ghuba ya Speke inayopakana na Magu. Mimi nikiwa na nusu siku naenda Kisesa, napita mpaka nyumba zinapoisha. Nikiwa na siku nzima naenda Misungwi, hadi Mabuki, kumenyooka na miti ni ya kuhesabika.

Tena huko kuna zawadi. Upepo wa ziwa ukisonga bara unakutana uso kwa uso na ule wa kusini-mashariki, hasa Juni mpaka Septemba. Panapokutana hewa haina pa kwenda ila juu, na mstari huo unatembea kadiri mchana unavyokwenda. Niliwahi kuuona kwa macho upande wa Kisesa, kwa bahati tu, kwa sababu palikuwa na matanuri mawili ya matofali yanawaka na hayakuachana hata nusu kilomita. Moshi wa tanuri la upande wa ziwa umelala kwenda bara. Moshi wa lile lingine umelala kuja ziwani. Katikati yake moshi umesimama wima, na juu yake wale korongo wenye upara na mfuko shingoni wanazunguka bila kupiga bawa, wengine juu kabisa wamekuwa nukta. Nilirusha hapo, nikazima mota kabla ya mita 60, na sikuiwasha tena mpaka shingo iliponiuma.

Hao korongo wazingatie. Wazito, na uzito wao ni faida kwako: asubuhi wamekaa kwenye miti na mapaa karibu na soko la samaki, hawainuki mpaka hewa iweze kuwabeba. Wakianza, na wewe anza. Mwewe si kipimo kizuri. Mwewe hata hewa mbovu anapiga bawa akizungukia jalala, utamfuata bure.

Sasa ndege. Betri ya 2200 inaizidi ya 1300 kwa gramu kama 70, na zote umezitupa puani. Halafu umezizuia kwa trimu. Hapo umeingia mtegoni: ikiwa polepole inalenga chini, ikishika kasi ile eleveta iliyoinuliwa inaivuta juu, inapoteza kasi, inachovya. Hiyo kunyanyua na kuchovya unayoilaumu upepo ni balansi yako. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba themali ikiigusa huwezi kujua, maana ndege tayari inacheza yenyewe.

Rudisha 1300. Pima bawa pale linapoungana na bodi, ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Nadhani utapata kama sentimita 20. Chukua theluthi yake, milimita 66 kutoka mbele, weka alama chini ya mabawa yote mawili, beba ndege kwa ncha za vidole kwenye alama. Ikae sawa, pua isizame wala mkia usizame. Hapo ni pa kuanzia tu. Kisha ipandishe juu sana, zima mota, irekebishe iende sawa bila kushika fimbo ya eleveta. Isukume ilenge chini kama nyuzi 30, achia. Ikijinyanyua kwa hasira, pua bado nzito. Ikiendelea chini kidogo halafu ikajiinua taratibu kwa duara kubwa, umefika, usiguse tena. Ikizidi kulenga chini baada ya kuachia, umepitiliza, irudishe mbele kabla hujaivunja. Kila mara sogeza betri mpaka ile alama ya balansi irudi nyuma milimita 2, si zaidi, na kila ukirudisha nyuma utaona trimu nayo inataka kushuka.

Fimbo ya ndani ya bawa usiiguse. Umeniudhi kwa kuiwaza tu. Bawa la povu bila fimbo ngumu, siku utakayopata themali ya kweli na ukataka kushuka kwa kasi, litajikunja kama mwavuli wa Kichina. Ukitaka kubadilisha, weka ngumu zaidi. Makoroboi na kule mwaloni Kirumba ukiulizia utapata fimbo za kuvulia za kaboni zilizovunjika ncha. Kipande cha chini ni bomba zuri kuliko mengi ya kuagiza.

Eleroni waachie wenye haraka. Bawa lenye mkunjo linakusemea. Bawa la kushoto likinyanyuka bila wewe kugusa kitu, hewa inayopanda iko kushoto. Ndege yenyewe itataka kukimbilia kulia. Usiikubalie, igeuze kushoto, funga duara, kaa humo.

MwalimuMagu

Fundi shikamoo. Mdogo wangu wa Luchelele, fuata hayo, ila kabla hujasafiri kwenda Misungwi fanya kipimo kimoja ili ujue ndege yako ikoje bila msaada wa hewa wala hujuma ya hewa. Amka mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ambayo maji yametulia. Panda mita 100, zima mota, zunguka kwa upana, hesabu muda mpaka igonge nyasi. Glaida ya povu ya mita 2 iliyobalansiwa vizuri inashuka kama nusu mita kwa sekunde au kuzidi kidogo, maana yake upate dakika tatu hivi. Ukipata mbili saa hiyo, ndege ina tatizo. Ukipata tatu saa hiyo na mbili saa saba, hilo ni ziwa.

Mimi nafundisha fizikia, kwa hiyo mtanivumilia. Video nyingi mnazotazama zimerekodiwa karibu na usawa wa bahari, tena kwenye baridi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na pwani zake mchana ni nyuzi 27, 28. Piga hesabu ya msongamano wa hewa utaona yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ile ya kwenye vitabu. Bawa lilelile, uzito uleule, ili libebe lazima liende kasi zaidi kwa kama asilimia 9. Propela nayo inashika hewa pungufu. Kwa hiyo ndege ikionekana inakimbia na inatua kwa kasi kuliko ya yule jamaa wa Ujerumani kwenye video, si kosa lako. Usiipunguze kasi kwa lazima kwa kuvuta eleveta, bawa litaachia hewa na kuacha kubeba, na kwenye kona bawa la ndani ndilo huachia kwanza.

Kuhusu uzito nataka kumuunga mkono fundi kwa namba. Glaida yako ina mabawa ya eneo la kama desimita 36 za mraba, kwa hiyo unabeba gramu 27 hivi kwa kila desimita. Wale wa mashindano wanaorusha kwa mkono kwa kujizungusha, glaida za mita 1.5, wanabeba kama 11 au 12. Hutawafikia kwa kukwangua povu. Ungekwangua mpaka bodi ibaki ganda ungepata gramu 40, na kasi inabadilika kwa kipeuo cha pili cha uzito, kwa hiyo faida ni kama asilimia 2. Ukiongeza uzito kwa asilimia 20, kasi yako inapanda kwa kama asilimia 10 tu, na siku ya upepo hiyo 10 ndiyo inayokurudisha nyumbani. Kama utaongeza, weka palepale penye alama ya balansi. Chubwi za wavuvi zinafaa, zifunge zisitembee.

Ninachoongeza kwenye ya fundi ni majaruba. Kisesa mpaka huku kwetu Magu kuna mashamba ya mpunga. Wakati yana maji ni ziwa dogo, usirushie juu yake ukitegemea kitu. Yakishakauka na kuvunwa, udongo ule mweusi na mabua vinapasha hewa vizuri sana. Mahali pazuri ni mpakani: jaruba bado bichi upande mmoja, shamba la pamba lililolimwa upande wa pili. Simama na mgongo wako ukiangalia upepo unakotoka, ndege yako iwe mbele juu ya mpaka huo.

Jambo jingine ambalo watu wa Mwanza mnalipuuza ni mawe. Granite inashika joto mchana kutwa. Jioni, saa kumi na moja na nusu, ardhi ya pembeni ikianza kupoa, hewa juu ya vilima vya mawe bado inanyanyuka polepole, kwa upana, haina mikiki. Haikupeleki mbali, ila ndege inaelea mpaka giza linakukuta.

Nansio255

Mimi niko Ukerewe, huku bara la kukimbilia hatuna, pande zote ni maji. Nimeacha kulilalamikia ziwa. Upepo wa ziwa hautoi themali pwani, sawa, lakini ukigonga kilima kinachoutazama lazima upande. Tafuta mgongo wa kilima unaotazama upepo unakotoka, hata mita 20 au 30 unatosha kama uso wake umesimama. Rusha kutoka juu, tembea sambamba na mgongo kwenda na kurudi, kona zote ukatie upande wa nje, kuelekea ziwani, kamwe usikatie kuelekea mlimani. Mota hutaigusa. Hapo ndipo zile chubwi za mwalimu zinafanya kazi.

Tatizo la kwetu na kwenu ni lilelile, kutua. Mawe. Nyuma ya kilima hewa inashuka na kuzunguka, usijaribu kutulia huko. Chagua mahali pa kutua kabla ya kurusha, ukatembee kwa miguu upaone.

Na kama unataka kuacha mota kabisa, manati ya kurushia huku kwetu ni rahisi kuliko popote duniani. Mpira wa mrija wa hospitali mita 30, uzi wa nailoni mita 100 au 120, ule mnene wa kuvulia sangara, pete ya funguo mwishoni na kitambaa chekundu ili uone ulipoangukia. Kigingi kiwe chuma na kizame kweli, maana kikichomoka kinakuja kwako. Vuta mpaka mizani ya samaki isome mara tatu au nne ya uzito wa ndege. Kwa gramu 900 hiyo ni kilo 3 hivi. Kulabu ya chini ya bodi iwe mbele kidogo ya alama ya balansi. Ikiwa nyuma, ndege inapinda na kujipiga chini mara tu inapoachiwa. Mpira usiuache juani.

SangaraMkavu

Nilitania kule juu, uzi umekuwa mtamu nimerudi. La kuongeza: TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wana kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, kawaulize kuhusu kibali kabla hujaanza safari za Misungwi. Na upande wote wa Ilemela ulio karibu na uwanja wa ndege, sahau. Kijijini pitia kwa mtendaji au mwenyekiti kwanza, mwonyeshe ndege, mwambie haina kamera. Usipofanya hivyo utakuwa yule mgeni aliyekuja kupiga picha mashamba ya watu, na maelezo utayatoa ukiwa umezungukwa.

MtotoWaLuchelele

Fundi shikamoo, mwalimu shikamoo. Nansio na Sangara asanteni sana.

Mrejesho. Bawa ni sentimita 19.5 pale bodini. Alama ya balansi na ile betri kubwa ilikuwa milimita 48 kutoka mbele! Nimerudisha 1300, nikaanzia 65, nikasogeza kidogo kidogo, sasa iko 71. Pale 65 ilikuwa bado inajinyanyua kwa hasira. Sasa nikiisukuma chini inakwenda, inafikiri, inarudi. Trimu imerudi karibu na katikati. Kipimo cha asubuhi cha mwalimu kimetoa dakika tatu na ushee.

Kisesa nimeenda na rafiki kwa pikipiki, bawa moja mgongoni moja mkononi. Mwenyekiti alitaka kuona inarushwa kwanza ndipo akubali, baadaye akaleta kiti. Palikuwa na shamba limelimwa na kichuguu kikubwa katikati. Nilizima mota juu yake, bawa la kulia likanyanyuka kama mtu amelisukuma kwa kidole, nikageuza kulia. Fundi, nilikuwa naipoteza zamani kwa sababu nilikuwa naiacha ikimbie upande wa pili! Ikaanza kupanda. Ikapanda mpaka ikawa alama ya kutoa tu, halafu nikawa sijui kama inanitazama au inanipa mkia. Ni nyeupe juu, nyeupe chini, na wingu nyuma yake jeupe.

Hapo ndipo nilipotoka jasho. Nikasukuma eleveta ishuke, ikashika kasi, mabawa yakaanza kutetemeka na kupiga sauti. Nikaachia. Mwishowe niliizungusha kwa rada kwa nguvu ikashuka kwa mduara, lakini sitaki kurudia. Naishushaje kwa ustaarabu? Na upepo ulikuwa umeishaipeleka mbali, kurudi dhidi ya upepo ilichukua muda mrefu sana.

FundiMakoroboi

Ng'wanawane, umefanya kazi. Marahaba.

Huo mtetemo ndio unaovunja mabawa. Ukiusikia fanya ulivyofanya, achia. Dawa yake ni spoila, vifuniko vya juu ya bawa vinavyofunguka ili ndege ishuke bila kushika kasi, na hiyo sasa ndiyo marekebisho ninayokuruhusu uchukue kisu. Juu ya bawa, nyuma tu ya fimbo ya ndani, kata ufa wenye urefu wa sentimita 22 na upana wa 2.5, kina milimita 3. Uanze kama sentimita 25 kutoka bodini, usikaribie zaidi, maana hewa iliyovurugika itaupiga mkia. Kifuniko kata kwenye plastiki ya milimita 2, hata ya ndoo, au ubao mwembamba. Bawaba iwe ukingo wa mbele, selotepu ya nyuzi inatosha. Ukingo wa nyuma ndio unaofunguka kwenda juu. Sevo (kimota cha kusogeza kifuniko) moja ndogo ya gramu 9 kwa kila bawa, izamishe kwenye povu. Kama risiva yako, kile kipokezi cha rimoti ndani ya ndege, ina chaneli sita, zipo tatu za bure, tumia mbili, usihangaike na waya wa Y wa kuunganisha sevo mbili kwenye chaneli moja.

Zifunguke mpaka nyuzi 60 au zaidi, na zifungwe kabisa zikiwa zimelala. Kifuniko kilichoachama milimita moja kinakula kazi yote uliyofanya. Sumaku ndogo, zile za kava za simu zilizokufa, zinazikamata vizuri.

Jaribu ukiwa juu kwanza. Ukifungua, pua itabadilika, kwa ndege nyingi inaangalia chini. Angalia ni kiasi gani, kisha kwenye rimoti changanya chaneli ili eleveta isogee yenyewe kufidia. Usijaribu kwa mara ya kwanza mita 5 kutoka chini. Mabawa yakishapata nyufa hizo, chini yake pitisha ukanda wa selotepu ya nyuzi kutoka bodini hadi kwenye mkunjo, moja kila upande, umevutwa sawasawa. Unaongeza gramu chache na bawa linakuwa gumu mpaka utashangaa.

Kurudi dhidi ya upepo: hujachelewa kugeuza, ulizunguka sana. Themali inainama na upepo, ukizunguka humo unapelekwa. Weka mpaka wako kabla ya kurusha, mti au paa la bati, ukifika hapo toka hata kama inapanda. Wakati wa kurudi bonyeza trimu chini kidogo iende kasi. Ndege ya aina hiyo inaelea kwa kama mita 8 au 9 kwa sekunde, upepo ukiwa mita 6 unarudi mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na kila sekunde unashuka. Na mwezi Oktoba, Novemba, wingu likianza kuwa jeusi tumboni na kuvimba kichwa, usiingie chini yake hata dakika moja. Linavuta. Spoila hazitatosha, na wewe umeshika antena uwanjani, radi inakutafuta.

Rangi. Juu acha nyeupe, isile jua, povu likipata moto linajipinda. Chini ya mabawa weka nyeusi, bawa zima la kulia. La kushoto piga mistari miwili mipana tu. Hivyo ikiwa mbali unajua ipi ni kulia bila kubahatisha. Mkia weka nyekundu.

MtotoWaLuchelele

Nyeusi si itapata moto pia, fundi?

FundiMakoroboi

Iko chini, jua liko juu. Ila ukitua usiiache imelala kichalichali, ifunike kwa kitenge. Na tumia selotepu ya rangi, usipulize rangi ya kopo bila kujaribu kwenye kipande cha pembeni. Nyingi zinayeyusha povu.

MwalimuMagu

Ukimaliza spoila rudia kipimo cha asubuhi zikiwa zimefungwa. Kama dakika tatu zimepungua kwa zaidi ya sekunde kumi, kuna kifuniko kimeachama.